Masika na Fedha za Juni

Anayetaka kujua hali ya jengo la serikali hapa Amu, yaani mji wa Lamu, asitazame bango la mlangoni wala bendera. Na apande juu ya paa, ainame kwenye milizamu, ile mifereji ya kutolea maji ya mvua. Akiikuta imezibwa na majani ya mkungu, kinyesi cha kunguru na makaratasi yaliyopeperuka kutoka madirishani, basi ajue chini yake kuna boriti inayooza, na chini ya boriti kuna karani aliyetega beseni juu ya kabati la mafaili.

Mimi ni mtumishi wa utawala katika ofisi moja ya serikali mjini. Pamoja na barua na mahudhurio ya watu, nimekabidhiwa jengo, ua wake, funguo zake na askari wanaolilinda. Ni kazi isiyo na sifa. Wakubwa wakija ziara huuliza habari za huduma na takwimu, hakuna aulizaye habari za milizamu. Lakini naipenda kazi hii, na naandika kwa urefu kwa sababu naona majengo yetu ya umma yakifa vifo visivyo vya lazima, na naamini najua vinatoka wapi.

Jengo letu ni la zamani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe madogo na chokaa vimeshindiliwa mpaka vikawa sakafu ya orofa ya juu, kisha paa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo wote ikipita sana mita tatu. Fundi wa zamani alipima chumba kwa mti, hakupima mti kwa chumba. Ukiingia wakati wa adhuhuri, jua limekaza nje, ndani kuna ubaridi ambao hakuna feni iwezayo kuuleta. Waliojenga hivi walijua wanachokifanya.

Na si jengo letu tu. Mji mkongwe wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kwa karatasi, kuta hizi zina ulinzi kuliko kuta nyingi za Kenya. Ila sheria inamzuia mtu kubomoa. Haimlazimishi mtu yeyote kufagia paa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kalenda.

Huku pwani mwaka una mpango wake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, jua ni kali na mvua haba. Ikifika Aprili upepo hugeuka, kusi huingia, na masika humwagika Aprili na Mei, miaka mingine mpaka Juni. Kwa hiyo kazi ya paa na kuta ina msimu wake, nao ni Januari, Februari na Machi. Kila mwashi wa Amu anajua hivyo. Mwenye nyumba yake mwenyewe huanza kuweka akiba ya chokaa mapema ili kaskazi imkute tayari.

Mwaka wa fedha wa serikali nao una mpango wake. Unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bajeti ikipitishwa pesa hazifiki siku ile. Kuna migao, kuna kuchelewa kwa Hazina, kuna bajeti ya nyongeza, kuna zabuni na kamati za zabuni. Maombi niliyoyapeleka vumbi la Julai halijatulia, mara nyingi majibu yake hunifikia masika yameshaingia. Na pesa isiyotumika kufikia mwisho wa Juni hurudi ilikotoka, na ofisi iliyoirudisha mwaka ujao hupewa pungufu. Basi kila mtu hukimbia. Mwezi wa Mei, mawingu yametanda, ndipo mkandarasi anapopanda jengo na ndoo zake. Mifuko ya simiti imeshushwa gati ya Mokowe, ng'ambo ya bara, imevushwa kwa mashua, imebebwa na punda chini ya turubai, na mingine imeshika unyevu njiani ikawa mawe matupu kabla haijafika mlangoni.

Hapo ndipo simiti inapopata nafasi yake. Chokaa ni kitu cha subira. Mawe huchomwa kwenye tanuu, yakamwagiwa maji, kisha chokaa ikaachwa ilale ndani ya shimo kwa muda kabla ya kutumika. Ikipakwa ukutani huganda kwa kufyonza hewa ukaa taratibu, tabaka moja baada ya jingine, na fundi hulazimika kuilinda isipigwe na jua kali wala isioshwe na mvua. Huwezi kumwambia chokaa kwamba mwaka wa fedha unaisha wiki ijayo. Simiti haina maneno hayo. Inashika siku ile ile, hata hewa ikiwa ya majimaji, na tarehe 28 Juni ukuta umenyooka, unapigwa rangi, unapigwa picha, hati ya malipo inatiwa saini.

Yaliyofuata niliyaona kwenye ukuta wetu wa upande wa kusi. Mkandarasi aliyepewa kazi alikwangua chokaa yote ya zamani, akapiga plasta ya simiti tangu chini hadi dirishani, juu yake rangi ya kung'aa. Ulipendeza. Masika iliyofuata rangi ikaanza kufura vipovu. Iliyofuata tena, unyevu ukawa umepanda mpaka juu ya madirisha, mahali ambapo ukuta haukuwahi kulowa. Nikamwita fundi mmoja mzee wa mtaa wa Langoni, mtu aliyeshika mwiko tangu utotoni. Hakusema kitu kwa muda. Alipita akigonga kwa mpini wa nyundo, pau, pau, kisha mahali fulani sauti ikabadilika. Akapachika ncha ya patasi, akasukuma kidogo. Kipande cha plasta chenye upana wa sinia kikaanguka kizima kizima. Nyuma yake jiwe lilikuwa limefunikwa na unga mweupe wa chumvi, na chokaa ya kati ya mawe ilikuwa mbichi, unaichota kwa kidole.

"Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu una mai tangu ulipojengwa. Mai yapanda kutoka chini, na chumvi i ndani ya mawe yenyewe. Ukiyaziba hapa, yatatoka wapi?"

"Sasa tufanyeje, ami?"

"Ondoa yote. Uwate ukuta wazi kaskazi nzima, ukauke. Kisha nipe chokaa iliyolala."

Nilimwelewa vizuri. Chokaa huacha unyevu utoke, na chumvi ikitoka nayo humaliza hasira zake kwenye plasta, si kwenye jiwe. Plasta ya chokaa huliwa polepole na hubandikwa upya, hiyo ndiyo kazi yake. Simiti haikubali kuliwa, kwa hiyo ukuta wenyewe ndio huliwa. Lakini nilipoandika ombi la ukuta kukaa wazi miezi mitatu bila plasta, nilijibiwa kwamba ofisi ya serikali haiwezi kuonekana gofu. Na nilipotaka orodha ya kazi itaje chokaa, niliambiwa kipimo kilichozoeleka ni plasta ya simiti na kwamba bei ya chokaa haimo katika vitabu vyao. Basi zabuni ikatangazwa kama kawaida, na mwenye bei ya chini akashinda kama kawaida.

Sisemi sheria ya ununuzi ya 2015 ni mbaya. Ilitungwa kuzuia wizi, na wizi upo. Nasema haikufikiriwa kwa ajili ya ukuta wa matumbawe, na wanaoandika orodha za kazi wengi wamesomea majengo ya tofali na zege. Ingetosha mtu mmoja wa ofisi ya uhifadhi wa mji kukaa nao meza moja kabla zabuni haijatoka. Wataalamu hao wapo hapa hapa mjini, mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Jambo la pili ni kwamba pesa kubwa za ukarabati hupatikana, japo kwa kuchelewa, na pesa ndogo za matunzo ya kila siku hazipatikani kabisa. Naweza kuomba mamilioni ya paa jipya nikapewa. Siwezi kupata malipo ya mtu wa kupanda paani mara moja kwa wiki na ufagio. Wazee wanaikumbuka PWD, idara ya kazi za umma iliyokuwa na waashi na maseremala wake wa kudumu. Miaka ya 1990 serikali ilipopunguza wafanyakazi, waliolengwa ni watumishi wa ngazi za chini, na mtu wa mwiko na mtu wa randa walikuwa humo humo. Waliobaki ni wa kuandika ripoti juu ya ukuta. Wa kuushika ukuta hawapo.

Nitoe mfano wa mche wa mkuyu. Ndege hudondosha mbegu kwenye ufa, mvua ikinyesha huchipua. Majani yake mawili ya kwanza huyang'oa kwa vidole viwili. Ukiuacha msimu mmoja, mzizi umeingia baina ya mawe, utahitaji patasi. Ukiuacha miaka kadhaa, huwezi kuutoa bila kuubomoa ukuta, na hapo ndipo kazi inapokuwa kubwa ya kutosha kuombewa bajeti. Mfumo wetu hauoni kitu mpaka kiwe kimeshakuwa msiba.

Au tangi la maji. Mji una shida ya maji, visima vya kwenye michanga ya Shela, kijiji cha jirani, vinabeba mzigo mkubwa, na kila ofisi inataka akiba yake. Wakaja watu na tangi la plastiki la lita 1,000 wakaliweka katikati ya paa, mahali palipokuwa rahisi kulifikisha. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Tani moja juu ya boriti ambazo ncha zake zimezikwa ukutani, na ncha ndizo huanza kuoza na kuliwa na mchwa bila mtu kuona. Niligundua kwa sababu mlango wa chumba cha chini ulianza kukwama. Kila siku seremala aliuranda kidogo. Mwishowe nikapiga uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari, nikaona boriti tatu zimeinama. Tangi tulilimwaga siku hiyo hiyo na kulihamishia uani, juu ya kiguzo cha mawe. Boriti tatu ilibidi zibadilishwe.

Kubadilisha boriti nako kuna mambo yake. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na biashara yake hapa ina majina ya kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Hata hivyo serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, wakataji wetu walikaa bila kazi, na aliyetaka boriti ya kukarabati nyumba ya kale alikwama pamoja nao. Naunga mkono kulinda misitu. Mikoko ikiisha hakuna samaki, na bahari itakuja mlangoni. Ila mji uliojengwa kwa mikoko unahitaji mgao wake mdogo wa kudumu, unaojulikana na kusimamiwa, la sivyo tunahifadhi msitu na kupoteza mji.

Ulinzi ambao watu hufikiria kwanza, wa bunduki na kufuli, nimeuweka nyuma makusudi. Amu tumepitia mazito. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, na majengo ya serikali yakazungushiwa nyaya na vizuizi. Sibezi hata kidogo, watu walikufa. Lakini kuna kimoja kilichopotea wakati ule nacho kimerudi nusu tu. Mbele ya ofisi yetu kuna baraza ya mawe, na wazee walizoea kukaa pale baada ya alasiri. Walimjua kila anayeingia. Mtu mgeni akizunguka uani wao ndio waliomuuliza, "Bwana, watafuta nani?" kabla askari hajainuka kitini. Baraza ilipofungwa kwa ajili ya usalama, tulipoteza macho hayo yote, na hatukuajiri macho mengine.

Nimeshika upande wa wazee katika kila kikao, na nitaendelea. Tazama uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Ngome ile ilianzwa mwaka 1813 baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Omani. Imekuwa kambi ya askari, imekuwa jela mpaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kuta zake ndizo nene kuliko zote mjini, lakini mlinzi wake wa mchana ni uwanja uliojaa watu chini ya mikungu, wa bao, wa kahawa, wa soko la jirani. Hakuna afanyaye jambo pale asionekane.

Askari wetu wenyewe ni watu wazuri, hulipwa kidogo na huulizwa mengi. Nimewaomba daftari la matukio, lile waliitalo OB, liandikwe pia habari za jengo: bomba linalovuja, taa inayowaka na kuzima, ufa mpya, punda aliyefungwa kwenye nguzo. Mwanzo waliona ni upuuzi. Siku hizi mmoja wao huandika kwa ufundi kuliko mhandisi. "Usiku saa nane, mvua kubwa, mlizamu wa kaskazini hautoi maji, wa kusini unatoa." Kwa sentensi hiyo najua asubuhi nianzie wapi. Punda nimewataja kwa sababu mkojo wao una chumvi na huingia kwenye pembe ile ile ya ukuta kila siku. Tumewawekea vigingi vya kufungia upande wa pili, penye kivuli na maji, na wenye punda wamekubali bila ugomvi.

Nyaya za umeme nitazipitia kwa kifupi. Ukiwa na dari ya miti mikavu na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, usiruhusu mtu achomeke birika, feni na chaja za simu kwenye soketi moja ya kuungaunga. Mafaili nayo yasikae chini sakafuni. Basi.

Mipaka ndiyo inayoninyima usingizi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, mali za halmashauri ya zamani zilihamia kaunti, nyingine zikabaki kwa serikali ya kitaifa, na kwa baadhi ya viwanja kila upande ulidhani ni vya mwenzake. Paa likivuja ni lako, kiwanja kikipata thamani ni changu. Ua wetu ulipimwa zamani na bikoni, alama za mpaka, zikatiwa pembeni. Moja niliikuta imefukiwa chini ya kifusi cha ujenzi wa jirani. Kibanda cha muda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikapata mlango, kikapata mita ya umeme. Hakuna aliyevunja kufuli, hakuna aliyeruka ukuta, na bado umma ulikuwa unapoteza ardhi hatua kwa hatua. Katiba ya 2010 inasema wazi ardhi inayotumiwa na ofisi ya serikali ni ardhi ya umma. Lakini katiba haijui bikoni iko wapi. Nilipeleka nakala ya ramani kwa jirani, tukaketi na mzee wa mtaa, tukanywa kahawa, tukapima pamoja kwa kamba mchana kweupe watu wakiona. Kibanda kimesogezwa. Bikoni sasa imetiwa rangi nyeupe, na picha yake imo katika faili pamoja na picha ya kila pembe nyingine.

Malindi wana mtihani wao, nao ni wa ardhi pia. Nguzo ya Vasco da Gama imesimama kwenye mwamba wa matumbawe unaoliwa na mawimbi kutoka chini. Unaweza kuipaka nguzo chokaa kila mwaka. Mwamba ukienda, imekwenda nayo.

Mwaka huu nimejaribu njia nyingine. Badala ya kuomba ukarabati, nimeomba fungu dogo la matunzo liingizwe kwenye bajeti kwa jina lake, na ununuzi wa chokaa ufanyike Septemba, ili iwe imelala vya kutosha kaskazi ikiingia. Nimeambatanisha barua ya ofisi ya uhifadhi, picha za plasta iliyoanguka, na kurasa za OB za masika mbili. Nimeomba pia fundi mzee alipwe kwa siku, pamoja na vijana wawili wa kujifunza kwake, kwa sababu sina hakika ni wangapi tena mjini wanaojua kazi kama yeye. Fungu limepita kamati ya kwanza likiwa limekatwa nusu. Nusu hiyo yatosha ukuta wa kusi na milizamu yote, na fundi ameshaniambia ataanza na pembe iliyo karibu na ngazi, kwa kuwa ndiko maji yanakoingilia.